Njaa Mlangoni mwa Sikukuu

Mwaka 161 KK, tarehe 13 ya mwezi wa Adari, Yuda Mmakabayo alilishinda jeshi la Nikanori, jemadari wa mfalme Demetrio wa Shamu, na Nikanori mwenyewe akauawa vitani. Wayahudi wakaamua siku hiyo iwe ya furaha kila mwaka. Kitabu cha Pili cha Wamakabayo kinataja kwamba ilitangulia kwa siku moja siku ya Mordekai, yaani Purimu. Baadaye ikaingizwa katika Megilat Taanit, orodha ya Kiaramu ya siku ambazo Myahudi alikatazwa kufunga. Hivi sasa, tarehe hiyo hiyo, Wayahudi washika dini hawaonji chakula wala maji tangu alfajiri mpaka usiku uingie. Siku iliyopigwa marufuku saumu ndiyo iliyogeuka kuwa Saumu ya Esta.

Kwa Wayahudi siku huanza magharibi, kama watu wa pwani yetu wanavyohesabu usiku wa Ijumaa tangu Alhamisi jua linapotua. Kwa hiyo mchana wa mkesha ndio kizingiti cha sikukuu, na zamani za Hekalu la Pili hawakupenda mtu akivuke akiwa na njaa ya toba. Yudithi, mjane anayesimuliwa katika kitabu chenye jina lake, alifunga siku zote za ujane wake, lakini si Sabato na sikukuu, wala mkesha wa Sabato. Hata Siku ya Upatanisho, saumu pekee ya mwaka iliyoamriwa na Torati, mkesha wake ni wa kula: Talmudi inasema anayekula na kunywa tarehe 9 Tishri huhesabiwa kama aliyefunga tarehe 9 na 10 pia.

Hekalu likabomolewa mwaka 70. Furaha zilizoandikwa katika ile orodha zikapoteza nguvu moja baada ya nyingine, hata Talmudi ikaamua kwamba orodha imebatilika, isipokuwa Hanuka na Purimu. Hapo mlango ukawa wazi. Kufikia zama za wakuu wa vyuo vya Babeli, waliofuata baada ya Talmudi kukamilika, saumu ya tarehe 13 Adari ilikuwa imeshajulikana, na katika karne ya 12 Musa bin Maimoni aliiandika katika sheria zake kuwa saumu ya Israeli yote, kwa kumbukumbu ya ile ya siku za Hamani, waziri wa Uajemi aliyetaka kuwaangamiza Wayahudi.

Lakini saumu ya Esta mwenyewe haikuwa Adari. Barua za Hamani za kuamuru mauaji hayo ziliandikwa tarehe 13 Nisani, na malkia Esta akaomba watu wake wafunge siku tatu, usiku na mchana. Marabi walipiga hesabu wakaona kwamba saumu hiyo iliangukia Pasaka yenyewe. Mordekai, binamu wa Esta, wakasema, alivunja sheria ya sikukuu ili kuokoa roho za watu. Nisani ni mwezi wa furaha, hivyo kumbukumbu ya saumu ile ililazimika kutafutiwa mahali pengine. Moses Isserles wa Krakow, katika karne ya 16, hakuona haya kusema kwamba saumu hii si wajibu wa asili. Wajawazito, wanaonyonyesha, hata anayeumwa macho akasumbuka, wasikazwe.

Kuna waliojikaza wenyewe. Baada ya Hispania kuwafukuza Wayahudi mwaka 1492, na Ureno kuwabatiza kwa nguvu mwaka 1497, familia nyingi ziliishi Kikristo hadharani na Kiyahudi chumbani. Karamu ya Purimu ina kelele na harufu ya jiko, na mtumishi angeweza kwenda kushtaki. Njaa haina moshi. Watu hao wakampenda Esta, malkia aliyeficha kabila lake katika jumba la mfalme, na saumu yake ikawa kubwa kwao kuliko sikukuu iliyoifuata. Wengine, hasa wanawake, walifunga siku zote tatu. Kumbukumbu za Baraza la Uchunguzi la Kanisa, hadi Mexico, zimejaa mashtaka ya saumu hii. Katika historia yote ya mikesha, sijui wengine walioilipia njaa gharama kubwa namna hii.

Mkesha wa Pasaka una habari nyingine. Hapo wanaofunga ni vifungua mimba peke yao, kwa kuwa usiku wa kutoka Misri mauti yalipita nyumba kwa nyumba yakawaruka vifungua mimba wa Israeli. Msomaji Mwislamu ataikumbuka saumu ya Arafa, tarehe 9 Mfunguo Tatu, inayotangulia Idi ya kuchinja. Lakini hii ya vifungua mimba ni saumu ya walionusurika wakati watoto wa wengine wanakufa, na ninaiheshimu kwa sababu hiyo.

Msingi wake wa kisheria ni mwembamba. Talmudi ya Babeli inamtaja Rav Sheshet aliyekaa na njaa siku hiyo, ikaeleza kwamba alikuwa mtu wa tumbo dhaifu tu. Rava yeye alikunywa divai mchana kutwa ili hamu ya chakula cha jioni izidi. Talmudi ya Yerusalemu inasema Rabi Yona alikuwa kifungua mimba na alikula. Ni kitabu kidogo cha baadaye, Masekhet Soferim, kinachotamka wazi kwamba wafunge. Yosefu Karo wa Safed, ambaye sheria zake zilichapwa Venice mwaka 1565, alitaja wanaosema hata binti kifungua mimba hufunga. Isserles akajibu kwamba desturi si hiyo. Lakini aliandika pia kwamba baba humfungia mwanawe aliye mdogo, na baba akiwa mwenyewe kifungua mimba, mama ndiye humfungia mtoto.

Na bado kuna mlango wa kutokea. Anayekamilisha kusoma kitabu kizima cha Talmudi hufanya karamu ya shukrani, na wanaohudhuria huruhusiwa kula. Kwa hiyo asubuhi ya mkesha, baada ya sala, mwalimu husoma mistari ya mwisho sinagogini, keki na vinywaji hupitishwa, na saumu huishia hapo. Israel Meir Kagan wa Radin, katika Mishna Berura, aliufahamu ulegevu huo. Aliongeza kwamba aliye dhaifu, ambaye saumu ingemfanya ashindwe usiku kula mkate usiotiwa chachu na mboga chungu na kunywa vikombe vinne vya divai, ni heri asifunge.