Tasa au yatima?

Mtoto wa shule ya msingi anajua: namba tasa ina vigawo viwili tu, 1 na yenyewe. Lakini tasa, kwa maana ya nyumbani, ni asiyezaa. Hapo ndipo ninapogoma. 641 ni tasa. 6,700,417 nayo ni tasa. Zizidishe, unapata 4,294,967,297, namba ambayo Mfaransa Fermat aliidhania kuwa tasa, hadi mwanahisabati Euler alipoipasua mwaka 1732. Tasa gani hizi zinazozaa mabilioni? Zinachokosa ni wazazi, si watoto. Mimi ningeziita namba yatima. Ila vitabu vimeshachapwa. Kwenye mtihani, mwanangu, andika tasa.