Wajukuu na Wazee Wasioonana

Katika nyumba nyingi za Temeke, Keko na Kinondoni limo sanduku la bati lililosukumwa chini ya kitanda cha mtu mzima. Ndani yake mna shuka kuukuu, stakabadhi zilizotafunwa na mende, kadi ya chama yenye jalada lililofifia, na pengine picha moja ya mtu mwenye kanzu na koti, aliyesimama wima mbele ya pazia la mpiga picha. Mtoto wa nyumba akiuliza ni picha ya nani, hujibiwa kuwa ni ya babu yake. Akizidi kuuliza, hupewa jina, kabila, na labda habari kwamba mzee huyo alikuwa mkali na hakupenda kelele wakati wa kula. Baada ya hapo maneno hukoma, na sanduku hufungwa.

Si ajabu kwamba hukoma. Mji wa Dar es Salaam ulikuwa na watu wapatao 69,000 katika hesabu ya mwaka 1948. Katika hesabu ya mwaka 1967 walikuwa zaidi ya 272,000. Ongezeko hilo halikuzaliwa mjini lote. Sehemu kubwa yake iliingia kwa miguu, kwa lori na kwa gari la moshi, kutoka Uzaramo, Rufiji, Uluguru, Unyamwezi na mbali zaidi, ikaenea katika vitongoji vilivyokua upesi baada ya Vita Kuu ya Pili: Temeke upande wa kusini, Magomeni na Kinondoni ng'ambo ya bonde la Msimbazi. Kijana aliyepanga chumba Temeke aliwaacha wazazi wake shamba. Watoto wake walizaliwa mjini, na kabla hawajapata nauli ya kwenda kuamkia, wazee walikuwa wamekwisha zikwa. Hasara yake ni kubwa kuliko ya kukosa hadithi za jioni. Kwa desturi za watu wengi wa pwani na bara, babu na mjukuu ni watani: bibi humwita mjukuu wake mume, na mjukuu humwambia babu maneno ambayo baba hathubutu kuyatamka. Asiyemwona babu amemkosa mtu wa pekee katika ukoo ambaye angemweleza habari za baba yake bila ya kumwonea haya baba huyo.

Je, yawezekana kumpata babu wa namna hiyo kwa njia ya utafiti? Katika mji huu huu swali hilo lilipata jibu zamani. Mwaka 1973 East African Publishing House ya Nairobi ilipiga chapa kitabu cha wasifu wa Watanzania, Modern Tanzanians, mhariri wake John Iliffe. Ndani yake Daisy Sykes Buruku aliandika maisha ya Kleist Sykes, baba wa baba yake, aliyefariki mwaka 1949. Asili ya habari ile ni nje ya nchi. Babake Kleist, Sykes Mbuwane, alikuwa Mzulu wa Msumbiji, mmoja wa askari ambao Hermann von Wissmann aliwaleta pwani mwaka 1889 kupigana na Abushiri bin Salim. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi wa Disemba mwaka huo huo. Askari wakabaki, wakapelekwa katika vita vingine. Kleist alizaliwa Pangani mwaka 1894. Angali mchanga, baba yake alizama katika mto Ruaha wakati jeshi lilipokuwa likirudi kutoka vita vya Uhehe juu ya Mtwa Mkwawa. Mtoto akalelewa na Affande Plantan, Mzulu mwenzake marehemu katika jeshi la Wajerumani.

Hapa lipo jambo ambalo msomaji mwenye haraka hulipita. Kleist naye hakumjua baba yake. Yote aliyoyasema juu ya Mbuwane aliyapokea kwa vinywa vya wengine, akayahifadhi, akayatia katika maandishi ya maisha yake aliyoyaacha alipokufa. Basi mjukuu alipoketi kuandika, alikuwa na karatasi ya babu mkononi, na ndani ya karatasi ile alikuwamo mzee mwingine asiyeonwa hata na babu mwenyewe. Maandishi yale yasingalikuwapo, Mbuwane angalikuwa mmoja tu wa askari wasio na majina katika ripoti ya Kijerumani.

Tena manufaa ya karatasi ile yalivuka mpaka wa ukoo. Kleist alipigana katika Vita Kuu ya Kwanza upande wa Wajerumani, kisha akafanya kazi katika Reli ya Tanganyika chini ya Waingereza. Kwa maelezo yake mwenyewe, Dakta Aggrey alipozuru nchi mwaka 1924 ndiye aliyempa shauri la kuunda chama cha Waafrika. African Association ilianzishwa mwaka 1929. Cecil Matola akawa rais wake wa kwanza, Kleist katibu. Chama hicho ndicho kilichozaa TAA, na TAA ikazaa TANU mwaka 1954. Mohamed Said alipotoa mwaka 1998 kitabu chake juu ya Abdulwahid Sykes, mwana wa Kleist, alidai kwamba historia iliyoandikwa na chama iliwaacha nje watu wengi wa mjini waliotangulia. Wako wanaokubali dai hilo lote na wako wanaolikubali nusu. Lakini hapana awezaye kukana kwamba mabishano hayo yalipata nguvu kwa sababu familia moja ilitunza makaratasi yake.

Hata hivyo karatasi ya babu si msahafu. Mtu aandikapo maisha yake huvaa kanzu iliyopigwa pasi. Kleist alikuwa mtu wa mjini aliyefanikiwa, na aliyafikiri maisha yake kama mtu aliyefanikiwa ayafikirivyo: kila hatua inaielekea iliyofuata. Mjukuu ana wajibu wa kuuliza pia ni hatua zipi zilizokanyagwa zikaachwa bila kutajwa. Wajibu huo ni mgumu, maana adabu inamzuia, na aliyeachwa nje ya maandishi hana wa kumsemea.

Sasa turejee Temeke, kwenye sanduku la bati. Ni wangapi ambao babu zao walikuwa makatibu wa vyama? Aghalabu babu wa Temeke alikuwa kuli wa bandarini, mpishi, mlinzi wa usiku, fundi seremala wa Keko, au mkulima aliyekuja mjini kuuza nazi na mkaa akarudi. Katika Nyaraka za Taifa mna majalada mengi ya serikali za Wajerumani na Waingereza, na mtafiti mwenye subira hupata humo mambo mazito; ila huyapata kwa kipimo cha serikali. Makuli waligoma mwaka 1939, wakagoma tena mwaka 1947, na migomo ile imeandikwa vizuri sana, kwa kuwa iliwatia maofisa wasiwasi. Kuli yule yule katika siku mia tatu alizobeba magunia bila kugoma hana jalada. Uandikishaji wa vizazi na vifo nao haukuwa lazima kwa Waafrika kwa muda mrefu wa utawala wa Kiingereza. Mtu aliweza kuzaliwa, kulipa kodi miaka thelathini, kuoa, kuzika watoto na kuzikwa, serikali isijue ila ile kodi.

Kwa hiyo stakabadhi ya kodi iliyomo sandukuni haifai kutupwa. Ina mwaka, ina jina jinsi karani alivyolisikia, na mara nyingine ina jina la jumbe au la wilaya. Vivyo hivyo kipande cha kazi, yaani kadi ile ambayo mwajiri alitia alama kwa kila siku mtu aliyofanya kazi hata zikatimia siku thelathini. Picha nayo yafaa igeuzwe nyuma, maana wapiga picha wengi walipiga mhuri wa duka lao. Mhuri hauelezi maisha ya mtu, lakini huonyesha mtaa aliopita siku alipokuwa na fedha ya kutosha kujipiga picha.

Miaka ndiyo inayowashinda wengi. Mjukuu humwendea shangazi mwenye umri mkubwa akamwuliza, "Babu alizaliwa mwaka gani?" na shangazi hujibu kwamba hajui, na mjukuu huondoka. Swali ndilo lililokosewa. Mzee wa Dar es Salaam alihesabu umri wake kwa matukio: vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, mizinga ya manowari za Kiingereza, 1914, Waingereza kuingia mjini, Septemba 1916, rupia kugeuzwa shilingi, 1921. Akiulizwa kama babu alikuwa amekwisha tahiriwa Waingereza walipoingia, au kama mahari ya bibi ilitolewa kwa rupia ama kwa shilingi, shangazi huweza kukumbuka jambo ambalo hakujua kuwa analikumbuka. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walilijua hili mwaka 1968, walipotumwa vijijini kukusanya habari za Maji Maji kwa wazee waliosalia. Walirudi na ushuhuda ambao majalada ya Wajerumani hayakuwa nao, na waliuwahi kwa miaka michache tu. Leo hakuna aliye hai ambaye aliiona vita ile. Hata waliopanga chumba Magomeni mwaka 1955 ni wachache mno.

Nyumba yenyewe ni shahidi pia. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ujia katikati na ua nyuma, haikukaliwa na ukoo mmoja. Mwenye nyumba alishika chumba kimoja au viwili na kupangisha vilivyobaki. Hivyo Mzaramo, Mmatumbi na Mnyamwezi walipikia ua mmoja. Wapangaji wale, au watoto wao, mara nyingi wanamjua babu kuliko wanawe walioko shamba. J.A.K. Leslie, ofisa wa Kiingereza aliyeupeleleza mji mwaka 1956, alieleza maisha ya nyumba hizi kwa makini katika kitabu kilichopigwa chapa mwaka 1963. Jicho lake ni la mtawala, na wakati mwingine lina dharau. Lakini mjukuu atakayekisoma atauona ujia ambamo babu yake alipita, kodi ya chumba aliyoihangaikia, na sababu ya kubaki mjini bila kazi. Nyumba nyingi za namna hiyo zimevunjwa. Kota za Magomeni zilivunjwa zote, na magorofa yaliyosimama mahali pake yalifunguliwa mwaka 2022. Waliokuwa majirani wametawanyika hata Mbagala na Chanika.

Mara nyingi utafiti huanza kwa ugomvi. Nyumba ya urithi inatakiwa kuuzwa, na Mahakama ya Mwanzo inataka kujua marehemu alikuwa na wake wangapi na watoto wangapi. Siku hiyo ndipo anapotokea mtu kutoka Rufiji, mwenye sura ya ile picha ya sandukuni, akadai kuwa ni mwana. Waliopuuza kuuliza wazee wao wangali hai huulizana wenyewe kwa wenyewe mbele ya hakimu, tena kwa ukali.

Na mabibi? Katika habari za koo za mjini, babu husafiri, hupigana, huajiriwa. Bibi hutajwa anapozaa. Hili si kosa la wajukuu peke yao, kwa kuwa serikali haikumtoza bibi kodi wala haikumpa kipande. Kinga ya pekee ni masikio. Susan Geiger alipowahoji wanawake wa TANU katika miaka ya 1980, Bibi Titi Mohamed miongoni mwao, alikuta kwamba wanawake wa mjini waliokuwa katika vikundi vya ngoma ndio waliokitangaza chama kipya tangu mwaka 1955, nyumba kwa nyumba, kwa kuwa walikwisha kuzoeana katika arusi na misiba. Kitabu chake kilitoka mwaka 1997. Wenzao wengi waliokaa Temeke na Magomeni walikufa bila ya kuhojiwa na mtu.

Wengine waliacha kadi. Jalada limefifia, lakini jina lasomeka, na desturi ya pwani ya kumwita mwanamke binti fulani inamfaa mtafiti kuliko jina la babu linavyomfaa. Kadi ya bibi ina jina la baba yake bibi. Mjukuu aliyekuwa akitafuta kizazi kimoja amepata viwili, na akiambiwa na jirani kwamba watu wenye jina hilo wako upande wa Kisarawe au Mkuranga, basi la asubuhi kutoka Mbagala litamfikisha kabla ya adhuhuri.