Hifadhi ya Jimbo ya Katy Trail

Hifadhi ya Jimbo ya Katy Trail (huitwa pia Njia ya Katy) ni hifadhi ya jimbo la Missouri, Marekani. Tofauti na hifadhi nyingi, haina umbo la msitu au ziwa lililozungushiwa mipaka: ni njia nyembamba ya baiskeli na ya miguu yenye urefu wa kilomita 386 hivi (maili 240). Inaanzia Machens, karibu na St. Louis upande wa mashariki, na kuishia mjini Clinton upande wa magharibi. Njia hiyo imejengwa juu ya tuta la reli ya zamani na ni kati ya njia ndefu zaidi za aina hiyo nchini Marekani.

Uso wake ni mawe ya chokaa yaliyosagwa na kushindiliwa. Kwa sababu hiyo inapendwa na waendeshaji wa baiskeli za changarawe, yaani baiskeli zenye usukani uliopinda kama za mashindano lakini zenye matairi mapana kwa ajili ya barabara zisizo na lami.

## Jina

Jina "Katy" linatokana na kampuni ya reli ya Missouri–Kansas–Texas. Watu walifupisha jina hilo refu kuwa herufi K na T, ambazo kwa matamshi ya Kiingereza zinasikika kama jina la kike Katy.

## Historia

### Kutoka reli kuwa njia

Sehemu ya reli inayofuata Mto Missouri ilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1890. Kwa karibu miaka mia moja ilibeba abiria, mazao na mifugo ya miji midogo ya bonde la mto. Baadaye magari na malori yalichukua sehemu kubwa ya kazi hiyo, na mafuriko ya mara kwa mara yaliharibu tuta. Mnamo Oktoba 1986, baada ya mafuriko mengine, treni ziliacha kupita kati ya Machens na Sedalia.

Wakati huo ilikuwapo tayari sheria iliyotoa nafasi ya kuiokoa njia hiyo. Mwaka 1983 Bunge la Marekani lilirekebisha Sheria ya Mfumo wa Njia za Taifa. Marekebisho hayo yanaruhusu reli isiyotumika kugeuzwa njia ya matembezi kwa muda, huku ikihesabiwa kuwa akiba ya reli: treni zikihitajika tena siku za usoni, reli inaweza kurudishwa. Kwa kuwa reli haihesabiwi kuwa imeachwa kabisa, ardhi yake haigawanywi.

Fedha za kuanzia zilitoka kwa Edward D. "Ted" Jones, mkuu wa zamani wa kampuni ya uwekezaji ya Edward Jones, aliyetoa dola milioni 2.2 ili jimbo lipate ardhi hiyo na kuanza ujenzi. Mwaka 1991 kampuni ya Union Pacific ilitoa kipande kingine cha kilomita 53 hivi kati ya Sedalia na Clinton.

### Mgogoro wa ardhi

Mpango huo haukupokelewa vizuri na wote. Katika sehemu nyingi kampuni ya reli haikuwa na umiliki kamili wa ardhi, bali haki ya kupitisha reli juu ya mashamba ya watu. Wakulima walidai kwamba treni zilipoacha kupita, haki hiyo iliisha na ardhi ilipaswa kurudi kwao. Wengine walihofia wizi, takataka na wageni wanaopita karibu na nyumba zao.

Kesi zilipelekwa mahakamani. Mwaka 1990, katika kesi ya Preseault iliyotoka jimbo la Vermont, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba sheria ya 1983 haivunji katiba, lakini ikaacha mlango wazi kwa wamiliki kudai fidia. Mwaka 2000, katika kesi ya Glosemeyer iliyowahusu wamiliki wa ardhi wa Missouri, Mahakama ya Madai ya Shirikisho iliamua kwamba serikali kuu ilikuwa imetwaa mali yao na ilipaswa kuwalipa. Hivyo njia ilibaki, lakini haki ya wenye mashamba nayo ilitambuliwa.

### Ufunguzi na mafuriko

Kipande cha kwanza kilifunguliwa Rocheport mwezi Aprili 1990. Miaka mitatu baadaye, mafuriko makubwa ya 1993 yalifunika bonde na kuharibu sehemu kubwa ya njia iliyokuwa imekamilika. Ilitengenezwa upya, lakini Mto Missouri haujaacha kuitishia: mwaka 2019 vipande kadhaa vilifungwa tena kwa sababu ya maji. Kipande cha mashariki kabisa, kati ya St. Charles na Machens, kilifunguliwa mwaka 2011.

## Uso wa njia na baiskeli zinazofaa

Treni nzito haziwezi kupanda mlima mkali, kwa hiyo wajenzi wa reli walikata vilima na kujaza mabonde ili mwinuko uwe mdogo. Faida hiyo imewafikia waendesha baiskeli: hata mtu asiye na mazoezi mengi anaweza kusafiri umbali mrefu.

Hata hivyo changarawe inapunguza mwendo ikilinganishwa na lami. Matairi membamba sana huzama, hasa baada ya mvua. Mwishoni mwa majira ya baridi, barafu iliyo ndani ya ardhi inapoyeyuka, uso hulainika na magurudumu huacha mifereji. Vumbi la chokaa likichanganyika na maji hunata kwenye mnyororo na gia, hivyo baiskeli huhitaji kuoshwa na kutiwa mafuta kila baada ya safari.

## Vipande vya njia

### St. Charles hadi Marthasville

St. Charles ulikuwa makao makuu ya kwanza ya jimbo la Missouri, kuanzia 1821 hadi 1826. Kutoka hapo, tarehe 21 Mei 1804, msafara wa Lewis na Clark uliendelea kuupanda Mto Missouri kuelekea magharibi. Njia inapita Weldon Spring, Defiance na Augusta. Eneo la Augusta linajulikana kwa mashamba ya mizabibu: mwaka 1980 lilikuwa la kwanza nchini Marekani kutambuliwa rasmi na serikali kama eneo la kilimo cha mizabibu.

### Marthasville hadi Jefferson City

Sehemu hii ina mashamba mengi na miji michache, hivyo msafiri hupaswa kubeba maji na chakula cha kutosha. Mji wa Hermann, ulioanzishwa na wahamiaji Wajerumani, uko ng'ambo ya mto na hufikiwa kwa daraja. Jefferson City, makao makuu ya jimbo, pia uko ng'ambo; tangu 2011 daraja lake lina njia ya pekee ya waenda kwa miguu na baiskeli.

### Jefferson City hadi Boonville

Wengi huihesabu sehemu hii kuwa nzuri kuliko zote. Karibu na McBaine kuna mwaloni mkubwa sana wenye umri unaokadiriwa kuwa karne kadhaa. Ulipigwa na radi Oktoba 2020 lakini haukufa. Kati ya McBaine na Rocheport, umbali wa kilomita 14 hivi, njia imebanwa kati ya mto na majabali marefu ya chokaa. Rocheport kuna handaki la urefu wa mita 74 hivi lililochimbwa miaka ya 1890, ambalo ndilo pekee katika njia nzima.

Huko Boonville limesimama daraja la reli la miaka ya 1930, ambalo kipande chake cha kati kiliweza kuinuliwa ili meli zipite. Union Pacific ilikusudia kulibomoa na kutumia chuma chake mahali pengine. Wakazi walipinga kwa miaka mingi, na mwaka 2010 ilikubaliwa kwamba daraja likabidhiwe kwa mji. Waendesha baiskeli huvuka kwa daraja la barabara lililo jirani.

### Boonville hadi Clinton

Hapa njia inaacha bonde la mto na kuingia katika nchi ya vilima vidogo na mbuga za nyasi. Vivuli ni vichache na upepo ni mkali zaidi. Mjini Sedalia kituo cha zamani cha reli, kilichojengwa 1896, kimehifadhiwa. Mahali pa juu zaidi pa njia pako kati ya Green Ridge na Windsor.

## Njia zinazoungana

* Njia ya MKT ya Columbia – yenye urefu wa kilomita 14 hivi, inaunganisha jiji la Columbia na Njia ya Katy karibu na McBaine.
* Hifadhi ya Jimbo ya Rock Island Trail – ilifunguliwa mwaka 2016 kati ya Pleasant Hill na Windsor, kilomita 76 hivi. Mwaka 2021 jimbo lilipokea pia ukanda wa reli unaoendelea mashariki kutoka Windsor hadi Beaufort, wenye urefu wa kilomita 230 hivi. Ukikamilishwa, njia hizo mbili zitakaribia kufanya mzunguko mmoja mkubwa.
* Barabara za kaunti – nje ya hifadhi kuna barabara nyingi za changarawe zinazotumiwa na wakulima. Hizi hazikujengwa kwa ajili ya treni, kwa hiyo zina milima mikali, kokoto kubwa zaidi na magari.

## Kanuni na usalama

Njia hutumiwa kuanzia macheo hadi machweo. Magari hayaruhusiwi, isipokuwa ya matengenezo. Farasi wanaruhusiwa katika baadhi ya vipande tu, kama kile cha kati ya Sedalia na Clinton. Mwendesha baiskeli hutakiwa kuwapisha watembea kwa miguu na farasi, na kutoa ishara kabla ya kuwapita.

Alama za maili zilizowekwa kando ya njia zinafuata hesabu ya zamani ya reli. Mtu akipata pancha au akiumia, husaidika kwa kutaja alama iliyo karibu naye, kwa kuwa sehemu nyingi ziko mbali na barabara kuu.

## Umuhimu

Miji mingi iliyo kando ya njia ilianza kama vituo vya treni na ilidhoofika treni zilipopungua. Leo nyumba za wageni, mikahawa na maduka ya kutengeneza baiskeli yamefunguliwa katika baadhi yake, kama Rocheport na Augusta. Katy Trail mara nyingi hutajwa kama mfano wa jinsi reli isiyotumika inavyoweza kuhifadhiwa kwa faida ya umma, na pia wa gharama ya kisheria inayotokea ardhi hiyo inapodaiwa na watu binafsi.