Mnara wa Maji wa Fizi na Baraka

Mijini, watu wakitaka maji yafike nyumbani kwao, wanajenga mnara wa simenti, wanapandisha maji kwa mashine, na baadaye yanashuka yenyewe kwa uzito wake. Katika inchi ya Fizi mnara uko tayari tangu zamani: ndiyo milima ya Itombwe. Vilele vyake vinapita metri 3000, na ziwa Tanganika liko kwenye metri 770 hivi. Msitu unapokea mvua na kuiachilia polepole, hata wakati wa kiangazi.

Maji ya mnara huu yanaachana njia. Mutambala unaingia ziwani karibu na Baraka; Elila, Ulindi na Luama inakwenda magharibi mpaka Lualaba. Lakini ziwa nalo linatoka kwa mto Lukuga, penye Kalemie, na Lukuga unaingia Lualaba vilevile. Ndugu walioachana mlimani wanakutana mbali!

Wamisionari wa kwanza walikaa chini. Mwaka 1883 Mapadri Weupe walianza misioni ya Kibanga, kando ya ziwa, karibu na Ubwari. Magonjwa hayakuwapa raha. Monsinyori Bridoux alikufa pale mwaka 1890. Mwaka 1893 misioni iliachwa, na Monsinyori Roelens akaanzisha Baudouinville, kusini, juu ya uwanda wa Kirungu, katika Moba ya leo. Ukingo wa ziwa unamfaa mvuvi na mashua yake. Kwa afya ni neno lingine.

Neno hilo halijaisha. Kolera iliingia mashariki ya Kongo mwaka 1978, na Fizi ni moja ya makao yake. Mama wa Baraka anashuka alfajiri na bidoni yake, anachota pale pale watu wanapooga na kufua. Tusimlaumu: kama bomba ni kavu, afanye nini? Dawa iko juu yake. Chemchemi ya mlimani ikifunikwa vema kwa ukuta, maji yanashuka kwa mipira mpaka kijijini, bila mashine wala mafuta.

Lakini mnara unataka walinzi. Mwaka 2006 serkali ilitangaza Itombwe kuwa hifadhi, bila kuwauliza vema wakaaji. Walikataa, na ubishi ukadumu miaka kumi, mpaka mipaka ilipopangwa upya pamoja nao mwaka 2016. Wale waliozaliwa ndani ya msitu ule ndio walioulizwa mwisho.