Daftari la Charlotte

Sisi waandishi wa habari tunapenda kujigamba kwamba historia inaanzia kwetu. Jamani, tupunguze.

Mei 24, 1854, mjini Salem, Massachusetts, binti mweusi wa miaka 16, Charlotte Forten, alianza kuandika shajara. Babu yake, James Forten wa Philadelphia, alitajirika kwa kutengeneza matanga ya meli. Lakini pesa haikufuta rangi: shule za kwao ziliwatenga weusi, ndiyo maana akapelekwa Salem.

Siku hiyohiyo, Anthony Burns, aliyetoroka utumwani Virginia, alikamatwa Boston. Magazeti yaliandika kesi yake mpaka Juni 2, aliporudishwa chini ya ulinzi wa askari. Charlotte naye aliandika, kwa hasira.

Ila kilichonigusa ni jambo dogo. Darasani, wasichana wazungu walimchangamkia. Wakikutana naye mtaani, baadhi walijifanya hawamjui. Mhariri gani angeipa nafasi habari hiyo? Hakuna aliyekufa, hakuna mheshimiwa aliyehutubia. Lakini sheria zinanieleza ubaguzi ulivyopangwa tu. Binti huyu ananionyesha ulivyouma mtu akitoka shule.

Mwaka 1862 alikwenda kisiwa cha St. Helena, South Carolina, kufundisha watu waliotoka utumwani, akaendelea kuandika. Alifariki 1914. Shajara ikawa kitabu 1953.

Dada zangu mnaosoma hapa, yale madaftari ya sekondari mliyoficha chini ya godoro, tafadhali msiyachome. Gazetini kwetu hayo hatukuyaandika.