Siku ya kwanza ya pentiboli: mshindi hakupiga hata mara moja

Wandugu, yale mabishano yetu ya kila siku, kama mtu wa mji ndiye mwenye akili ya maisha ao mtu wa kijiji, kuna watu huko Marekani waliwahi kuyapima porini. Waliyapima kwa bunduki za rangi, na ndipo mchezo wa pentiboli ulizaliwa. Wengi wetu tunaujua kwa picha tu: vijana wamevaa maski, wanapigana vidonge vya rangi, kiisha wanacheka. Lakini sisi wa agronomia tuna haki ya kuusimulia mbele ya wengine, juu ile bunduki ilitoka kwenye kazi yetu.

Wenye kusoma kozi ya misitu wanakumbuka: kabla ya kukata, mtu wa misitu anapita kati ya miti, anatia alama ya rangi, huu ukatwe, huu ubakie. Bila alama, mwenye msumeno anakata ule unaomfurahisha macho. Sasa, kama mti uko ng'ambo ya mto ao nyuma ya miiba, utaufikia namna gani na brashi? Kampuni moja ya Michigan, Nelson, iliyokuwa inatengeneza rangi ya miti, ilitafuta dawa ya shida hiyo. Katika miaka ya 1970 kampuni ya Daisy, yenye kujulikana kwa bunduki za hewa, iliitengenezea Nelson bastola iliyoitwa Nel-Spot 007. Ilisukuma kidonge cha rangi ya mafuta kwa nguvu ya gazi ya kaboni iliyofungwa ndani ya kichupa kidogo. Kila mara ulipaswa kukoki upya na mkono. Wenye ng'ombe nao waliipenda: unatia ng'ombe alama bila kumkimbiza shamba zima.

Kwa hiyo ilikuwa chombo cha kazi tu, sawa na panga ao jembe.

Kiisha wakatokea marafiki wawili wenye kubishana. Hayes Noel alikuwa mtu wa New York, mwenye kuuza na kununua hisa. Alisema mtu aliyezoea ukali wa soko la pesa anaweza kujiokoa fasi yoyote, hata porini. Charles Gaines, mwandishi wa vitabu aliyeishi New Hampshire, alikataa: porini ni mwenye kujua pori atakayeishi, huyo wa mjini ataliwa mapema. Ubishi huo hauna mwisho kama hakuna kipimo. Rafiki yao mmoja, George Butler, akawaonyesha ile bastola katika katalogi ya vyombo vya kilimo. Katalogi ya kilimo, wandugu! Nani kati yetu anasoma katalogi za kilimo kwa furaha?

Pamoja na Bob Gurnsey, mwenye duka la vyombo vya michezo, wakatunga sheria. Tarehe 27 Juni 1981, watu 12 wakaingia katika pori la Henniker, New Hampshire. Kulikuwa daktari wa upasuaji, mtengenezaji wa sinema, mwandishi wa Sports Illustrated, hata mtu aliyepigana Vietnam. Katika mchezo huo wote walikuwa wageni, hakuna mwenye kuwa na siku ya pili. Kila mtu peke yake, hakuna timu. Ndani ya pori kulikuwa fasi nne zenye bendera, kila fasi na rangi yake. Mwenye kukusanya bendera moja ya kila rangi na kutoka bila kutiwa rangi, huyo ndiye mshindi. Ukipigwa, umetoka.

Soma tena hiyo sheria polepole. Haisemi popote kwamba lazima umpige mtu.

Wengine walipigana na kuchafuana rangi. Aliyeshinda ni Ritchie White, mtu wa kazi ya misitu. Alipita kimya, bendera ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, akatoka. Bastola yake haikulia hata mara moja siku nzima, na wengine hawakumwona. Gaines alikuwa na sababu ya kutabasamu. Mimi naona White alifanya tu kile anachofanya kila siku ya kazi: kujua mteremko unapeleka wapi, wapi majani makavu yatapiga kelele, wapi kivuli kinatosha kumficha mtu. Hayo hatuyapati kwenye makaratasi ya profesa peke yake. Ni miguu ndiyo inayasoma.

Kilichofuata ni biashara, nitakipita haraka. Sports Illustrated iliandika habari, watu wakauliza sheria, na Gurnsey akaanza kuuza mchezo huo kwa jina la National Survival Game. Rangi ya mafuta ilikuwa shida kuitoa kwenye nguo, ikabadilishwa na rangi ya maji. Bunduki zikawa za kupiga haraka, maski ya uso mzima ikawa sheria. Pentiboli ya leo ni ya timu, na mwenye kujificha siku nzima kama White wanaweza kumcheka.

Najua kuna wenye kuuliza: sisi wa mashariki, wenye kujua mlio wa risasi tangu utoto, tutacheza vita juu ya nini? Simlaumu mwenye kukataa. Kuna nyumba ambazo mchezo huo hauwezi kuchekesha mtu, na mtu asiambiwe ati ni mwoga. Mimi, kama siku moja mtu ananialika, nitamwomba sheria za 1981: pori kubwa, bendera nne, na ruhusa ya kurudi na vidonge vyote bado ndani ya bunduki.