Mshahara wa Mtu Mmoja

Ndugu msomaji, ukishuka kwenye daladala pale Msimbazi ukaingia Kariakoo, kabla hujauliza bei ya nyanya, uliza kwanza jina la mahali uliposimama.

Wazee wanatuambia, na vitabu vinakubali, kwamba Kariakoo ni Carrier Corps iliyopita kwenye ndimi za Waswahili. Wajerumani walijenga ukumbi mkubwa hapo kabla ya vita vya 1914. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916 wakapafanya kambi ya wapagazi wao, watu waliobebeshwa masanduku ya risasi na magunia ya chakula kuwafukuzia Wajerumani hadi ng'ambo ya Ruvuma. Maelfu kwa maelfu walikufa, wengi wao kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi, na mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia ndugu zao. Vita vilipokwisha ukumbi ukawa soko. Kwa hiyo soko letu mashuhuri kuliko yote lina jina la watu ambao hesabu yao haikufungwa.

Nimeanzia huko kwa sababu kila siku tunalalamika kwamba maisha ya Dar ni ghali, na tukilalamika tunamtazama mwenye duka. Mimi nasema ughali huu hauanzii dukani. Unaanzia kwenye mshahara ambao tangu mwanzo ulipimwa kwa mtu mmoja.

Wakoloni waliugawa mji mafungu matatu: Uzunguni kule baharini, Uhindini katikati, na Kariakoo ya Waafrika ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja. Huyu Mwafrika wa mjini walimhesabu kuwa ni mgeni. Ati mke na watoto wake wako shamba, wanalima na kujilisha wenyewe, basi yeye apewe cha kumtosha tumbo lake na mahali pa kulala. Aliyekutwa mjini hana kazi alikamatwa akarudishwa kwao.

Lakini watu hawakuwa wageni. Walioa, wakazaa, wakajenga nyumba za Kiswahili: vyumba pande mbili, ukumbi katikati, uani kuna jiko na choo. Mwenye nyumba analala chumba kimoja, vilivyobaki anapangisha. Na wanawake wenye nyumba zao hawakuwa wachache. Pensheni ya Kariakoo ilikuwa ndiyo hiyo, vyumba vya kupangisha.

Vita vya pili vilipokuja, vitu viliadimika, chakula kikagawiwa kwa kipimo, nguo zikapanda bei. Mshahara ukawa unakokota miguu nyuma. Makuli wa bandarini, wengi wao vibarua wa kutwa, walikwisha kugoma mwaka 1939. Wakagoma tena 1943. Septemba 1947 wakagoma mgomo uliotoka bandarini, ukaushika mji, ukafuata reli mpaka miji ya bara. Makuli hawa hawakusomea uchumi. Walijua tu kwamba sufuria ya watu sita haijai kwa unga wa mtu mmoja.

Uhuru ukaja, na mwanzoni mwa 1963 kima cha chini cha mshahara hapa Dar kikawekwa shilingi 150 kwa mwezi. Watu walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Mji ukazidi kuvuta watu: mwaka 1957 ulikuwa na watu kama 128,000, mwaka 1967 kama 272,000, na 1978 wakafika 843,000. Lakini miaka ya sabini mambo yakageuka. Ukame, bei ya mafuta duniani, chakula cha kuagiza nje. Mwaka 1974 kima cha chini kikapandishwa hadi shilingi 340, mwaka uliofuata 380. Mwaka huohuo wa 1975 soko jipya la Kariakoo, lililosanifiwa na Mtanzania mwenzetu Beda Amuli, likafunguliwa, na miamvuli yake ya zege juu na shimo lake chini. Soko zuri ajabu! Haikupita miaka mingi vya kutia humo vikawa haba. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi yakaamriwa kufungwa kupisha ya ujamaa, kisha amri ikabidi ilegezwe. Ikafuata Vita ya Kagera, 1978 hadi 1979. Baada ya hapo ni foleni.

Bibi yangu alikuwa amepanga chumba kimoja Kariakoo, na babu alikuwa akifanya kazi kiwandani. Bibi anasema hivi: "Mwanangu, mshahara wa babu yako ulikuwa unakuja kututembelea tu. Unapiga hodi, unakunywa maji, unaaga." Alfajiri aliweka jiwe kwenye foleni ya sukari kumshikia nafasi, akarudi kuamsha watoto. Sabuni ilipokosekana walifulia majani ya mpapai. Walikula ule unga wa njano kutoka Marekani ambao watu waliuita unga wa Yanga. Na kila asubuhi alikaa kizingitini na karai lake akikaanga mihogo. Ada za watoto, daftari, dawa, vyote vilitoka kwenye karai lile.

Mwaka 1983 serikali ilianza msako wa wahujumu uchumi, na mwaka huohuo ikaja Nguvu Kazi: asiye na kazi inayotambulika aondoke mjini akalime. Muuza mihogo asiye na kibali akahesabiwa mzururaji. Bibi alijifunza kukimbia na karai la moto. Tazama, msomaji, ni hadithi ileile ya mkoloni. Yule anayeziba pengo la mshahara ndiye anayeambiwa hana kazi.

Mwaka 1984 ruzuku ya unga wa sembe ikaondolewa na milango ya bidhaa ikaanza kufunguliwa. Mwaka 1986 tukakubaliana na IMF, shilingi ikashushwa thamani. Vitu vikarudi, watu wakasema: zamani pesa tulikuwa nazo vitu hakuna, sasa vitu vipo pesa hakuna. Toka 1974 hadi 1988 mshahara ulipoteza zaidi ya robo tatu ya nguvu yake. Mbona Dar haikufa njaa? Jibu liko kwenye karai, kwenye vitumbua, kwenye kuku wa uani, kwenye mitumba.

Leo mji umepita watu milioni 5 kwa sensa ya 2022. Julai 2025 kima cha chini cha serikali kilipanda toka shilingi 370,000 hadi 500,000. Ni jambo jema, sibishi. Lakini vile vilivyokuwa vikiziba pengo vinaondoka kimoja kimoja. Nyumba za Kiswahili zimevunjwa, yameota maghorofa ya maduka, na waliokuwa wapangaji wako Mbagala, Gongo la Mboto, Chanika, wanalipa nauli kwenda na kurudi mahali walipozaliwa. Mwaka 2021 wamachinga wakaondolewa barabarani. Kweli njia ilikuwa haipitiki, lakini ni mara ya tatu sasa, nami nahesabu.

Nyumba aliyopanga bibi nayo haipo. Tulipopita naye pale akasimama, akatafuta kizingiti chake, hakukiona. Pana mlango wa chuma na mashuka ya dukani. Hakulia. Aliuliza bei ya shuka, akatikisa kichwa, tukaondoka.

Basi siku utakaposikia redioni mshahara umepanda, furahi, kisha keti uhesabu ni midomo mingapi, na uulize kilichopungua kitalipwa na nani. Bibi yangu hakuandikwa katika daftari la mshahara hata siku moja, naye alibeba watu saba. Kwangu mimi yeye naye ni mpagazi wa Kariakoo, na hesabu yake bado iko wazi.